Kombe la Unga

Siku nilipoingia katika nyumba ile nikiwa bibi harusi, nilijua nitakuta mama mkwe. Sikujua nitakuta na kombe.

Katika nyumba za watu kombe hukaa kabatini, nyuma ya kioo, na hupanguswa vumbi wageni wakikaribia. La kwetu lilikaa ndani ya pipa la unga. Lilikuwa kubwa, kichwa cha mtu mzima kingeingia pamoja na kofia yake, na mkono wake wa pili ulikuwa umeng'oka zamani. Ubavuni palikuwa na bonyeo la kutosha kulaza kiganja. Kila alfajiri mama mkwe wangu alilizamisha kwenye unga, akalisawazisha juu kwa kipande cha ubao, akamimina kwenye beseni la kukandia huku akihesabu kwa sauti kana kwamba kuna refa anamvizia. Unga kwa kombe, maji kwa jagi, hamira na chumvi kwa kijiko. Hakuna kuzidisha, hakuna kupunguza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa hiyo: kukanda nikande, kubeba nibebe, kuoka nioke, lakini kombe nisiguse.

Mtaa mzima ulimwita Nahodha. Hata mwanawe, yaani mume wangu, alimwita hivyo alipokuwa na jambo zito la kumwomba. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi, na kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa wavu, naye ndiye aliyeiongoza. Mwaka mmoja wakachukua kombe la viwanda. Lilikuwa kombe la kuzunguka: bingwa hukaa nalo mwaka, kisha hulirudisha lishindaniwe upya. Basi kabla mwaka haujaisha kiwanda kikafungwa, vingine vikafuata, na ligi ikafa kimya kimya bila hata tangazo. Hakuna aliyekuja kudai kitu. Nahodha akabaki mjane mwenye mtoto mgongoni, hana kazi, na nyuma ya nyumba kuna tanuri la matofali lililoachwa na mpangaji aliyetangulia. Chombo kikubwa kuliko vyote ndani ya nyumba kilikuwa kombe. Akapimia unga, mkate ukatoka mzuri, na tangu siku hiyo hakupimia kingine.

Mimi nilikuja pale sina kitu isipokuwa mdomo, na mdomo wenyewe miaka ya mwanzo niliufunga. Kwetu nilikuwa yule binti ambaye kila kazi akipewa hunyang'anywa katikati, kwamba ataharibu. Kwenye tanuri la Nahodha nikagundua kwamba mikono yangu ina akili kuliko mimi. Nikikanda, najua. Donge likitaka kupumzika najua, likitaka kupigwa najua. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, na mama mkwe nilimpenda pia, ingawa kuna siku ningemfunika na lile pipa.

Mwaka huu kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kumtesa. Mkono uliopiga mipira ujanani na kukanda mikate uzeeni ulikuwa umechoka kutumikishwa. Akaufunga bendeji, akaendelea kupima. Nikimwambia, "Mama, nipe mimi," alikuwa akinitazama kama niliyeomba kumshikia meno.

Ndipo akaja Mwenyekiti.

Tulikuwa na dirisha la kuuzia linaloelekea barabarani, na yeye alisimama pale akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi hadi ikakata hewa. Zamani alikuwa refa wa ligi ile ya viwanda, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya michezo.

"Habari za siku nyingi, Nahodha."

"Nzuri. Kama umekuja kwa habari ya ule mpira, ulikuwa ndani."

"Ulikuwa nje."

"Basi mkate umekwisha."

Mikate ilikuwa imejaa nyuma yake, inatoa mvuke. Mwenyekiti akacheka, akavuta pumzi, akaeleza. Ligi imefufuka. Wauguzi wana timu, walimu wana timu, wanawake wa sokoni nao wana timu, tena ya kutisha. Fainali ni Jumamosi. Na kamati imeamua kombe liwe lile lile la zamani.

"Jipya tungenunua," akasema, "lakini jipya halina aliyewahi kulilia. Lile lipo, si ndiyo? Umelitunza?"

Nahodha alilichukua kombe kutoka kwenye pipa, akalipangusa kwa aproni, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha. Unga ulikuwa umeingia hadi kwenye maandishi. Mwenyekiti alilitazama kwa muda mrefu, na mimi, nisiseme uongo, nilimwonea huruma.

"Nahodha, kombe ni heshima. Si kibaba."

"Heshima haiumuki," akasema mama mkwe wangu. "Mtoto wangu alikula nini, kama si hili?"

"Sijakulaumu. Ila ni la kuzunguka. Kwako lilisimama tu."

Mama mkwe wangu ana mambo yake, lakini dhuluma hana. Alisugua kibati kilichobandikwa kombeni chenye neno MABINGWA, kisha akasema Jumamosi atalileta mwenyewe kwa mikono yake. Akamfungia na mikate, tena ya bure, na akamkumbusha tena kwamba mpira ulikuwa ndani.

Alipoondoka, Nahodha aliketi kwenye kigoda chake akashika tama. Nikaendelea kupanga trei, sikio likiwa kwake.

"Sikiliza, mkwe wangu," akasema. "Kombe likishaondoka, mikate ya kwanza itakayofuata nitaionja mimi mwenyewe. Ikiwa si mikate yetu ile ile, tanuri tunalizima. Mkono huu nao umeniaga. Sitaki watu waje waseme Nahodha zamani alikuwa anajua kuoka."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe unakanda vizuri," akasema, kama mtu anayemsifia punda kwa kubeba.

Sikulala vizuri kwa maneno yale. Asubuhi nikamwendea na shauri la akili: tuchukue ndoo, tujaze kombe, tumimine, tutie alama kwenye ndoo. Kombe liende zake, kipimo kibaki. Alikataa, akanuna, akazunguka tanuri, kisha akakubali. Ila akasema Ijumaa, si kabla. Alitaka kukaa na kombe lake wiki ile bila kulifanyia maandalizi ya msiba. Nikasema sawa. Ijumaa ilikuwa karibu.

Sasa nimlete mume wangu. Ni fundi umeme, mtu mwema kupita kiasi, na wema wake huja bila kupiga hodi. Ukimwambia kiatu kinabana atakununulia kingine, ambacho kitapwaya. Katikati ya wiki alimkuta mama yake amekaa uani anasugua kombe kwa majivu na kitambaa, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuweza. Alisugua huku akisema peke yake kwamba atasimamaje mbele ya watu na kombe kama lililookotwa jaani. Mume wangu alisubiri mama yake aingie ndani, akalifunga kombe kwenye koti lake, akaenda nalo kwa rafiki yake, fundi wa kunyoosha bodi za magari.

Jioni alirudi anatabasamu mpaka masikioni. Alipofunua koti, mimi nilirudi nyuma. Kombe liling'aa. Mkono wa pili ulikuwa umechomelewa mahali pake, wa bomba la baiskeli lakini umepakwa rangi vizuri. Ubavu wake ulikuwa laini, umejaa, hauna kovu.

Nahodha alilipokea kwa mikono miwili, akajiona ndani yake, akaanza kulia.

"Lilikuwa hivi," akasema. "Siku ile tulipokabidhiwa lilikuwa hivi hivi. Tulipanda nalo kwenye lori, tukaimba, tukacheza, likaanguka, tairi la nyuma likalisukuma ukutani. Dereva aliposhuka anatetemeka, sisi tulikuwa tumelala kwa kicheko. Sijawahi kucheka vile tena." Akamvuta mwanawe kichwa akambusu. "Mungu akuzidishie, baba."

Tulikaa wote sebuleni tukilitazama. Watu wazima, wenye akili zetu, tunapika na kuoka mikate kila siku ya maisha yetu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria unga.

Kesho yake kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi, kwa kule kusugua. Nahodha alijaribu kuinua kombe likamponyoka. Akasimama, akalitazama, kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu harusi yangu.

"Shika wewe."

Nilishika. Nikazamisha, nikasawazisha kwa ubao, nikamimina, nikahesabu kwa sauti kama yeye, naye akihesabu pamoja nami kutoka kwenye kigoda. Nikatia maji, jagi kwa jagi. Nikatia hamira na chumvi. Nikaingiza mikono nikaanza kukanda, na kabla sijafika mbali nikajua.

"Mama, donge kavu."

"Umehesabu sawa?"

"Tumehesabu pamoja."

"Basi kanda. Kombe halikosei."

"Niongeze maji kidogo tu."

"Usiongeze hata tone."

Nikakanda. Nilikanda mpaka mabega yakawaka moto, na donge likawa linanitazama tu. Nilijua kwa kila kidole kwamba linakufa kwa kiu, na nikanyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyozoea katika maisha yangu: nikiambiwa siwezi, naamini. Mikate ilitoka mifupi na migumu, ganda limepasuka juu.

Wateja wetu si watu wa kuficha la moyoni. Fundi cherehani wa jirani, ambaye huwa wa kwanza dirishani kila asubuhi, alibonyeza wake kwa kidole, kisha akaugonga kwenye kizingiti.

"Leo tumepewa mikate au matofali? Niambieni tu, nina ukuta nyumbani."

Wengine wakacheka. Wengine, na hao ndio walioumiza, walichukua bila kusema. Nahodha aliwarudishia wote pesa zao, akafunga dirisha mapema, akavua aproni akaitundika.

"Mkono wako ni mzito," akaniambia bila kunitazama. "Nilidhani umefika. Bado."

Nikaenda uani nikalia kwa hasira. Kama ningekuwa mtu wa kuvunja vyombo siku ile nyumba isingebakiwa na sahani. Nilijua nimekanda vizuri. Nilijua pia kwamba mkate ni mbaya. Mambo mawili yale hayakutaka kukaa pamoja kichwani mwangu.

Alasiri nilimsikia akiniita, sauti si ya kawaida. Nilimkuta na mume wangu jikoni. Kombe lilikuwa mikononi mwake, alikuwa ameanza kulifuta unga.

"Dole gumba langu," akasema, "limekosa pa kukaa."

Sikumwelewa. Akanionyesha. Miaka yote aliposhika kombe, dole gumba lake lilikaa ndani ya lile bonyeo. Sasa liliteleza tu juu ya bati laini. Akatugeukia, akageukia kombe, akalitazama ndani, na mimi nikaona uso wake ukibadilika kabla akili yangu haijafika.

"Bonyeo liko wapi?"

"Si nimelinyoosha, mama," akasema mume wangu kwa fahari.

"Umenyoosha kipimo changu."

Lile bonyeo lilikuwa linakula nafasi ya unga wa kujaa kiganja kila kombe lilipozama, na sasa limetoka, unga wote ule umeingia beseni, na maji ni yale yale. Mimi nilitaka kucheka na kulia, lakini nilianza na jambo la lazima.

"Kwa hiyo mkono wangu si mzito."

"Si mzito," akasema Nahodha. "Nisamehe, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo. Kwake nilikuwa mkwe tu.

Mume wangu, kwa kutaka kuliponya alilolivunja, alishatoka mbio. Akarudi na rafiki yake yule fundi, nyundo mkononi, roho safi kabisa.

"Hakuna tabu," akasema fundi. "Kubonyeza ni rahisi kuliko kunyoosha. Nigonge wapi?"

"Hapa," tukasema wote.

"Kina chake?"

Nahodha akakunja kiganja kuonyesha. Mimi nikakunja changu, na mume wangu chake, na kila kiganja kilikuwa na kina chake. Fundi alitutazama mmoja mmoja, nyundo hewani, anasubiri tukubaliane. Tukaanza kubishana. Nahodha anasema zaidi, mume wangu anasema zaidi hapo ni shimo, mimi nasema nyote hamjawahi kuliosha. Mara mama mkwe wangu akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka bendeji ikafunguka, na sisi wengine tukamfuata, pamoja na fundi ambaye hakujua anachekea nini.

"Weka nyundo chini," akasema alipopata pumzi. "Liende likiwa zima. Wenzangu waliona lilivyokuwa zima siku moja tu. Wacha walione tena."

Fundi alipoondoka, kicheko kiliondoka naye. Nikamuuliza nilichokuwa nimekiogopa. "Sasa unga tunapima kiasi gani, mama? Kwa ile ndoo. Wewe unajua kwa macho, si ndiyo?"

"Sijui."

"Kwa mkono basi."

"Sijui, mwanangu. Kombe ndilo lililojua." Aliketi kwenye kigoda. "Unadhani mimi nilikuwa mwokaji? Mimi nilikuwa nafunga nyuzi. Mara ya kwanza ule mkate ulipotoka mzuri nilishangaa kuliko mtu yeyote. Nikasema, sitagusa kitu. Nisizidishe, nisipunguze, nisije nikauamsha usingizini ukanigeuka. Nimeoka miaka yote hii nimeshika roho mkononi. Kila asubuhi nikifungua tanuri nasema, leo watanigundua."

Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Miaka yote nimekatazwa kuongeza tone la maji, kumbe anayekataza hajui, anaogopa tu. Nikamwambia. Sikumtukana, lakini sikumpaka mafuta.

"Mimi asubuhi nilijua donge ni kavu. Kila siku najua. Siku za mvua unga unataka maji kidogo, najua, nakanda tu na kunyamaza. Mikono yangu inajua, mama."

"Kwa nini hukuongeza?"

"Ulinikataza."

Akainamisha kichwa. "Nilikukataza," akasema.

Ijumaa nilianza kazi bila kipimo. Nahodha aliketi kwenye kigoda, mikono ameikalia kabisa, kwa sababu hakujiamini kwamba haitaingilia. Nikamimina unga moja kwa moja kutoka kwenye pipa kwa bakuli lililokuwa karibu. Maji yale yale ya jagi, hamira ile ile, na unga nikautia mpaka donge liliposema basi. Beseni la kwanza lilikuwa laini mno, mikate ikatandaa kama miguu ya bata. Nahodha alifumba macho. Sikungoja aseme. Nikakanda beseni la pili, nikaongeza, nikasubiri, nikaongeza tena, na nilipolifunika kwa kitambaa nilikuwa nimetulia kuliko nilivyowahi kuwa mbele ya mtu yeyote. Mikate ile ilipanda vizuri. Nikamkatia kipande kikiwa cha moto.

Alikisukuma. "Si leo. Kombe bado liko ndani ya nyumba. Nilisema mikate ya kwanza baada ya kuondoka kwake, na Nahodha hakati kauli mara mbili."

"Na kama ikiharibika?"

"Nilishasema."

Jumamosi tulikwenda uwanjani. Wenzake waliobaki walikuja, wanawake watu wazima wenye magoti mabovu na vicheko vya wasichana, na kila mmoja alikuwa na habari ya nishani yake. Mmoja ameifunga chini ya pazia lisipeperuke na upepo. Mwingine alimpa mjukuu akaotea meno. Wa tatu aliiuza siku ya shida na hajutii, akala akashiba, na ushindi haukumtoka mwilini. Mwenyekiti, ambaye kwake kuna kabati zima la vikombe vinavyong'aa, aliwasikiliza akiwa amekunja uso, na mwisho nikamsikia akiuliza taratibu kama nishani inafaa kuzuia mlango usijifunge, maana mlango wa chumbani kwake unamsumbua.

Wanawake wa sokoni walishinda. Nahodha wao alikuwa muuza nyanya, bonge la mwanamke mwenye mikono mirefu, na mama mkwe wangu alimkabidhi kombe mbele ya watu wote. Mwenyekiti alisema maneno marefu kuhusu heshima. Nahodha wetu, alipopewa nafasi, alisema mafupi.

"Lina ujazo mzuri. Usilifungie kabatini."

"Nitalifanyia nini, mama?" akauliza muuza nyanya.

"Likifika nyumbani litakwambia."

Watu walipiga makofi bila kujua kama ulikuwa utani. Tulipokuwa tunaondoka Mwenyekiti alitufuata mpaka langoni, akasema chini chini kwamba siku ile mstari ulikuwa umefutika na yeye kwa kweli hakuona. Nahodha alimshika bega akamwambia aje achukue mikate wiki ijayo, kama mikate itakuwepo.

Kama itakuwepo. Niliyabeba maneno yale mpaka nyumbani. Alitembea mbele yetu, mikono mitupu, na mume wangu alipojaribu kumshika mkono alikataa. Jioni hakula sana. Aliniambia tu, "Kesho," akaingia chumbani.

Alfajiri niliamka. Nilitegemea kumkuta kigodani, kama kila siku, bendeji imefungwa, macho yamenitangulia. Kigoda kilikuwa kitupu. Nikasema labda anaoga. Nikapima hamira, nikamimina maji, nikatia unga kwa mkono, nikakanda. Asubuhi ilikuwa ya mawingu na unga ulikuwa na unyevu, nikapunguza maji bila kumwomba mtu ruhusa. Kila mlango ulipolia niligeuka. Hakuja. Donge likaumuka, nikaligawa, nikalipanga kwenye trei, nikaingiza kwenye tanuri. Hakuja. Mikate ikatoka, mirefu, ya rangi ya asali, ikawa inalia taratibu inapopoa kama inavyolia mikate mizuri, na mimi nilisimama pale peke yangu na kisu mkononi, sina wa kumkatia.

Hapo nikaogopa. Nilichukua mkate nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikagonga kwa kucha, kimya. Nikasukuma. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mbaya juu ya mto, bendeji ameifungua ameitupa sakafuni. Nahodha alikuwa anakoroma. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amelala jua likiwa limechomoza, hata alipokuwa na homa. Nilisimama na mkate wangu wa moto nikamtazama, nikaanza kulia bila sauti, kwa sababu nilielewa. Anayeogopa tanuri halali hivyo. Alikuwa ameshaonja ile ya Ijumaa, saa ngapi sijui, na alikuwa ameshaamua kuniachia tanuri.

Nikafunga mlango polepole, nikarudi, nikafungua dirisha. Fundi cherehani alikuwa tayari anasubiri. Alichukua mkate, akaubonyeza, ukarudi juu, akaunusa, akaumega hapo hapo akaanza kula.

"Ehee," akasema. "Huu ndio. Nahodha leo yuko wapi?"

"Amelala."

"Nahodha? Amelala? Saa hizi?" akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Nikamwambia apunguze sauti.